Istilahi za Udhibiti wa Mitambo Viwandani

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya mwongozo wa mitambo ya kiwanda kimoja ili tuikague lugha yake. Ndani yake tulikuta sentensi hii: "Mtumwa wa basi la shamba asipojibu, bwana akague upya." Maneno yote ni ya Kiswahili, walakini fundi aliyesimama mbele ya mtambo hawezi kujua kifaa gani kimenyamaza wala afanye nini. Kosa hili si la mfasiri peke yake. Ni letu sote tulioiacha taaluma hii bila istilahi. Makala haya yanaeleza dhana za msingi na kupendekeza maneno ya kuzitaja.

(a) Kudhibiti na kukagua. Kukagua joto la tanuri ni kulisoma na kulitolea taarifa. Kudhibiti ni kulizuia lisipite kiwango kilichowekwa. Mfasiri asiyetenga vitenzi hivi viwili anaweza kuhatarisha maisha ya watu.

(b) Kidhibiti ratibika. Zamani mitambo iliamriwa na makabati yaliyojaa swichi za sumaku-umeme, na kila kazi ilipobadilika ilibidi nyaya zifumuliwe. Mnamo mwaka 1968 kampuni ya magari ya General Motors huko Marekani ilitafuta kifaa cha kuondoa adha hiyo. Kifaa kilichopatikana kinabadilishiwa programu tu, nyaya zikibaki mahali pake. Kwa kuwa utaratibu wake wa kazi unaweza kupangwa na kupangwa tena, tunapendekeza kiitwe kidhibiti ratibika.

(c) Kihisi na kitekelezi. Kihisi hupima joto, mgandamizo au mwendo na kupeleka habari kwa kidhibiti. Kitekelezi, kama vile vali au mota, hupokea amri na kuitimiza. Kwa mfano wa mwili, kihisi ni jicho, kidhibiti ni ubongo, na kitekelezi ni mkono.

(d) Njia shirika ya mtamboni. Katika utaratibu wa zamani kila kihisi kilikuwa na jozi yake ya nyaya iendayo hadi kwenye kidhibiti, ikipitisha mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Utaratibu huo ungali unatumika, lakini penye vihisi mia huhitajika jozi mia. Badala yake, vifaa vingi vyaweza kushirikiana waya mmoja. Wageni waliuita waya huo kwa neno lile lile la gari la abiria, ambalo asili yake ni Kilatini na maana yake "kwa wote". Kwetu sisi basi ni gari, na tena ni neno la kukomesha mazungumzo, halifai. Njia shirika inaitaja kazi yenyewe. Ama neno "shamba" limetokana na kutafsiri neno badala ya dhana: linalokusudiwa ni mahali mitambo ilipo, mbali na chumba cha udhibiti. Ndiyo maana tunasema ya mtamboni.

(e) Itifaki na anwani. Wengi wakisema pamoja katika waya mmoja, hapana atakayesikika. Kwa hiyo pana makubaliano ya nani aseme, lini, na kwa mpangilio gani. Neno itifaki tunalo tayari katika diplomasia, nalo linatosha. Mojawapo ya itifaki zilizoenea sana ni Modbus, iliyotangazwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon. Katika itifaki hiyo kila kifaa hupewa anwani yake, kuanzia 1 hadi 247.

(f) Kiulizi na kijibizi. Katika Modbus ya waya mmoja, kifaa kimoja huuliza au kuamuru, na vingine hukaa kimya mpaka viitwe kwa anwani zao. Wageni waliviita bwana na mtumwa. Katika pwani yetu, ambako soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, neno hilo si tamathali tu. Ni historia ya watu. Hata wenyewe wamelikimbia: mwaka 2020 shirika linalosimamia Modbus lilitangaza kutumia maneno yenye maana ya mteja na mhudumu. Lakini kwetu mteja ni mnunuzi dukani. Twaona ni afadhali kufuata kitendo chenyewe: kiulizi huuliza, kijibizi hujibu.

Sasa turudi kwenye sentensi tuliyoanza nayo. Tukiisanifu itasomeka hivi: "Kijibizi katika njia shirika ya mtamboni kisipojibu, kiulizi kirudie swali." Fundi akiisoma atajua atazame wapi.

Istilahi haisanifiwi mezani peke yake. Husanifiwa pia na wanaoitumia. Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi, wafasiri na mafundi wenyewe wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao. Ikiwa karakana fulani ina neno lililokwisha kuzoeleka na linaloeleweka vema kuliko letu, tutalipokea kwa shukrani.