Kiangazi darasani au mwaka mmoja kazini: ipi nafuu kwa anayeomba udaktari Marekani?

Kijana anayetaka kusomea udaktari Marekani, na bado ana somo moja au mawili hajayagusa, ana njia mbili. Ya kwanza ni kuyamaliza masomo hayo kiangazi na kutuma maombi mwaka huu huu. Ya pili ni kuahirisha mwaka mmoja, afanye kazi, ndipo aombe. Ukiangalia bei ya mlangoni, darasa la kiangazi ndilo rahisi. Ukijumlisha kila kitu, walio wengi watapata nafuu wakisubiri, na hasara kubwa kuliko zote ni kutuma maombi ambayo hayajaiva.

Wazazi walioko Dar es Salaam au Nairobi wanaolipa ada kutoka huko wajue jambo moja. Nyumbani mtoto hutoka sekondari akaingia udaktari moja kwa moja. Marekani humaliza kwanza shahada ya kwanza, akiwa amepita baiolojia, kemia, kemia ogania, fizikia na mara nyingi biokemia, kisha afanye mtihani wa MCAT. Maombi yenyewe huchukua zaidi ya mwaka: anayetuma Juni huanza masomo kiangazi cha mwaka unaofuata. Zaidi ya nusu ya wanaoanza udaktari wamekaa angalau mwaka mmoja nje ya shule baada ya shahada. Kwa hiyo mtoto akisema anasubiri, msimhesabu kuwa ameshindwa.

Tuanze na bei ya kuomba, maana ndiyo inayoumiza anayekimbilia. MCAT mwaka 2025 ilikuwa kama dola 345. Mfumo wa maombi wa AMCAS hutoza dola 175 kwa chuo cha kwanza na kama dola 46 kwa kila kinachoongezeka. Halafu huja fomu ya pili ya kila chuo, na hapo ndipo pesa huvuja: vingi hutoza karibu dola 100 kwa fomu hiyo moja. Mwombaji wa vyuo 20 atatoa takriban dola 3,400 kabla hajanunua suti ya usaili. Asipopata nafasi, harudishiwi hata senti, na mwaka unaofuata anaanza kulipa upya. Kila mwaka waombaji huzidi 50,000, na wanaoingia ni kama 23,000. Wengi hukosa, na baadhi ya wanaokosa hulipa mara mbili.

Upo mpango wa kupunguziwa ada unaoendeshwa na AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari. Ukikubaliwa, MCAT hushuka bei sana na ada ya AMCAS husamehewa hadi vyuo 20; vyuo vingi navyo husamehe ada ya fomu ya pili. Mpango huu uko wazi kwa raia, wenye kadi ya kijani na wakimbizi waliopokelewa kisheria. Omba kabla ya kulipa chochote. Ulichokwisha kulipa hakirudi.

Sasa darasa la kiangazi. Chuo cha jamii ndicho cha bei ya chini. California, kwa mkazi wa jimbo, uniti moja ni dola 46, hivyo kemia ogania yenye maabara, uniti 5, ada yake ni dola 230. Somo hilo hilo katika chuo kikuu cha serikali huwa dola mia kadhaa kwa kila krediti, na vyuo binafsi hupita hapo mbali. Ukisoma nje ya jimbo lako, hata chuo cha jamii hukutoza mara kadhaa ya bei ya mkazi. Aliyehamia jimbo jipya juzijuzi aulize kwanza masharti ya ukaazi kabla ya kujiandikisha.

Fungua bili mstari kwa mstari. Chini ya ada utakuta ada ya maabara, ada ya afya, ada ya huduma za wanafunzi na maegesho. Kisha kuna vitu visivyo kwenye bili: koti la maabara, miwani ya kinga, kitabu, na namba ya siri ya kufungulia mazoezi ya mtandaoni ambayo huwezi kuinunua ikiwa imeshatumika. Kitabu tafuta toleo la zamani, mada ni zile zile. Ile namba huna ujanja nayo.

Gharama nzito zaidi ni saa zako. Muhula wa wiki 15 unabanwa ndani ya wiki 6 au 8. Asubuhi ni mhadhara, mchana maabara, usiku mazoezi, siku nne kwa wiki. Mtu anayebeba boksi zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee hawezi kusimamia ratiba hiyo na akatoka na A. Ukipunguza zamu, hesabu mshahara uliopotea kuwa sehemu ya ada. Na tarehe ya kujitoa na kurudishiwa pesa kiangazi huwa karibu mno, mara nyingine ndani ya siku chache za mwanzo. Ukiipita, pesa imekwenda na alama ya W inabaki kwenye rekodi yako.

Wengi hawaliangalii suala la kalenda, na kwangu ndilo linaloamua mambo. Ukisoma kiangazi kile kile unachotuma maombi, alama zako hutoka Agosti, wakati AMCAS imeshakagua na kukokotoa GPA yako kwa masomo ya nyuma. Kamati inayosoma fomu yako Julai haioni A yako mpya. Kama ulilihitaji somo hilo ili uwe tayari kwa MCAT, mambo ni mabaya zaidi: utafanya mtihani Agosti au Septemba, matokeo yatakuja baada ya mwezi, na faili lako litakamilika vyuo vikiwa vimeshaanza kuita watu kwenye usaili. Vyuo vingi hugawa nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Umelipa dola 3,400 zile zile alizolipa aliyetuma Juni, na umenunua foleni ya nyuma.

Kuna faraja upande wa pili. Vyuo vingi havidai uwe umemaliza masomo yote ya msingi siku ya kuomba. Vinataka yaishe kabla ya kuanza udaktari. Kama kilichobaki ni somo ambalo MCAT haiulizi sana, kwa mfano maabara ya pili ya fizikia, usilikimbilie kiangazi. Omba, kisha lisome muhula wa kawaida.

Kama shida ni GPA ya chini, kiangazi kimoja hakiisogezi sana, kwa kuwa AMCAS huhesabu alama zote mbili za somo lililorudiwa. Ya zamani haifutwi. Tena vipo vyuo vya udaktari visivyopendezwa na masomo magumu ya sayansi yaliyosomwa chuo cha jamii na mtu aliye tayari chuo kikuu, au maabara zilizofanywa mtandaoni. Rahisi ghali. Soma masharti ya vyuo vitano au sita unavyovitaka kabla ya kulipa.

Anayepata Pell, ruzuku ya serikali kuu kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, ana nafasi moja nzuri. Aliyeitumia yote muhula wa vuli na wa masika anaweza kuongezewa hadi nusu ya kiasi cha mwaka kwa ajili ya kiangazi, mradi ajiandikishe angalau nusu ya mzigo kamili, kwa kawaida krediti 6. Kemia ogania ya krediti 5 haifiki. Ongeza kasomo kadogo ka krediti moja ufikishe. Na kama unasoma kwenye chuo cha jamii huku shahada ukiichukua kwingine, nenda ofisi ya misaada ya chuo chako na uulize kama vyuo hivyo viwili vina makubaliano, vinginevyo Pell haitafika huko. Ukishahitimu shahada ya kwanza, Pell imekwisha kwako. Somo lililobaki lichukue kabla ya kuvaa joho.

Kusubiri nako kuna gharama zake. Mikopo ya serikali kuu hukupa miezi sita tangu uhitimu, kisha malipo huanza. Miezi hiyo ukiitumia, haijirudii kwa mkopo huo. Piga simu kwa wakala wa mkopo mwezi wa nne tangu uhitimu, uombe mpango unaolingana na kipato chako. Usingoje barua ya kudaiwa. Bima ya afya ya mwanafunzi nayo huisha. Aliye chini ya miaka 26 anaweza kukaa kwenye bima ya mzazi. Wengine waangalie Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, katika jimbo lao.

Na mwaka wa kusubiri uwe na mshahara. Kujitolea bure mwaka mzima ni kwa mwenye wa kumlipia kodi. Uuguzi msaidizi, kuwachukua wagonjwa damu ya vipimo na uandishi wa kumbukumbu za daktari zinalipa kiasi na zinakuweka karibu na wagonjwa. Msomaji wa gazeti hili ana kingine ambacho wenzake hawana: Kiswahili. Familia za Wakongomani zilizopokelewa Kentucky, Texas, Ohio na Iowa zinahitaji wakalimani hospitalini, na mafunzo ya kuanzia ni saa 40. Fikiria bibi wa Uvira anayemwambia daktari kwamba moyo unamwenda mbio na miguu imejaa maji, na wewe ndiye unayebeba maneno hayo pande zote mbili. Kwenye usaili, mambo ya namna hiyo yana uzito kuliko A ya kiangazi, na umelipwa kwa saa.

Hesabu nyingine imebadilika. Kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, kuanzia tarehe 1 Julai 2026 Grad PLUS, mkopo wa serikali kuu kwa wanaosoma baada ya shahada ya kwanza, umefungwa kwa wakopaji wapya, na mwanafunzi wa udaktari ana kikomo cha mkopo wa serikali kuu cha dola 50,000 kwa mwaka na dola 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi, maisha yakiwemo, hugharimu zaidi ya hapo kwa miaka minne. Anayeomba sasa hawezi kuikwepa sheria hiyo kwa kuharakisha. Kwa hiyo mwaka wa kazi unaweza kuwa wa kuweka akiba ya pengo hilo, na wa kutafuta chuo cha serikali cha jimbo lako kabla ya jina kubwa la mbali.

Aliye na viza ya F-1 yuko kwenye hesabu tofauti. Vyuo vingi vya udaktari havipokei wanafunzi wa kigeni, na baadhi ya vinavyopokea hudai pesa ya mwaka mzima au zaidi iwekwe mbele. Kusubiri kwake kunapita kwenye OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya masomo, na kwenye OPT asikae zaidi ya siku 90 bila kazi. Ombi la OPT hufunguliwa siku 90 kabla ya kumaliza masomo. Asilicheleweshe hata wiki.

Ushauri wangu kwa mwenye pesa kidogo ni huu. Lipia kiangazi kama kinatangulia msimu wako wa maombi kwa mwaka mzima, somo ni moja, na MCAT utaifanya masika yanayofuata. Kama kiangazi hicho ndicho cha kuombea, funga mkoba na usubiri. Ukiamua kusubiri, usiondoke chuoni kabla ya kuwaona maprofesa wawili wa sayansi waliokufundisha ukawaomba barua za mapendekezo sasa hivi, wakiwa bado wanakumbuka sura yako, na umwulize mshauri wa masomo kama chuo kitazitunza hadi mwakani.