Fleti za Kampala: Kwa nini watoto hukosa pa kucheza hata pale sheria inapofuatwa

Katika vitongoji vingi vya Kampala, nyumba za familia moja zilizokuwa na miembe na bustani ya migomba nyuma yake zinabomolewa ili kupisha majengo ya fleti. Kiwanja kilichobeba kaya moja kwa miaka arobaini sasa hubeba kaya nane, pengine kumi na mbili. Mabadiliko hayo hayakwepeki katika jiji lenye wakazi karibu milioni 1.8, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2024, mbali na maelfu wanaoingia kila asubuhi kutoka Wakiso na Mukono. Linalozua mjadala ni ile ardhi inayobaki nje ya kuta: ni kiasi gani, na inatumika kwa kazi gani.

Uganda haikosi sheria katika jambo hili. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, hivyo hakuna anayeruhusiwa kuendeleza kiwanja bila idhini ya kamati husika. Sheria ya udhibiti wa majengo ya mwaka 2013 iliongeza kibali cha ujenzi na, jengo likikamilika, kibali cha kuhamia. Viwango vya kitaifa vya mipango hutaja sehemu ya kiwanja inayoweza kufunikwa na jengo, umbali wa kuta kutoka mpakani na nafasi za kuegesha magari. Jijini Kampala, msimamizi ni Mamlaka ya Jiji, KCCA, iliyoanza kazi mwaka 2011.

Tatizo linaonekana pale kanuni hizo zinapoteremshwa kwenye kiwanja chenyewe.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Kipimo cha kiwanja kinachojulikana na kila dalali wa Kampala ni futi 50 kwa 100, yaani kama mita za mraba 465. Chukulia mfano wa mwenye kiwanja anayejenga kwenye nusu yake tu na kuiacha nusu nyingine wazi. Kwenye michoro, mita za mraba 232 zisizojengwa huonekana ni nyingi.

Jengo lake lina ghorofa nne, fleti mbili kila moja, na kila kaya ina gari moja. Gari moja, pamoja na njia ya kuingilia na nafasi ya kugeuzia, huhitaji takriban mita za mraba 25. Magari manane humeza 200. Zinabaki 32, na kama kila kaya ina watu wanne, kila mkazi anapata mita moja ya mraba. Humo humo panatakiwa kibanda cha mlinzi, mapipa ya taka, matangi ya maji na mara nyingi tangi la maji taka, kwa kuwa mtandao wa mabomba ya maji taka unafikia sehemu ndogo tu ya jiji. Kamba ya kuanikia nguo hupandishwa juu ya paa, na watoto huteremka kuchezea barabarani, kati ya bodaboda.

Mwenye jengo huyo hakuvunja kanuni yoyote. Kipimo cha ardhi isiyofunikwa na jengo huhesabu kilichoachwa, bila kuuliza kimeachiwa nini. Sakafu ya vitofali vya saruji iliyojaa magari na uwanja wenye kivuli cha mti vina thamani moja kwenye karatasi.

Ipo miji inayohesabu kwa namna nyingine. Mpango wa jiji la London wa mwaka 2021 unataka mita za mraba zisizopungua 10 za kuchezea kwa kila mtoto anayetarajiwa kuishi kwenye mradi mpya, na kibaraza au bustani ya mita tano kwa nyumba ya mtu mmoja au wawili. Kampala haina utajiri wa London, na kuinakili namba hiyo ilivyo kungekuwa mzaha. Lakini kuhesabu watu badala ya viwanja si jambo la gharama. Huhitaji kalamu ile ile ya mkaguzi.

Jiji lililopangwa kwa mabonde

Kampala iliwahi kuwa na ardhi ya wazi kwa wingi, ingawa kwa sababu zisizopendeza. Daktari W. J. Simpson, aliyetumwa Afrika Mashariki na serikali ya Uingereza mwaka 1913, alipendekeza makazi yatenganishwe kwa rangi na kuwekewa ukanda wa ardhi tupu katikati, kwa hoja ya afya. Bonde la Kitante, ulipo uwanja wa gofu kati ya vilima vya Nakasero na Kololo, bado linaonyesha sura ya jiji la namna hiyo. Baadaye msanifu wa Kijerumani Ernst May, aliyewahi kusimamia ujenzi wa makazi ya wafanyakazi huko Frankfurt, aliandaa mpango wa kupanua mji kuelekea Kololo na Naguru. Alipanga nyumba zikae kwenye miteremko na mabonde yaachwe kijani.

Mabonde hayo yalikuwa na kazi ambayo wengi huikumbuka mvua inaponyesha. Kiwanja chenye udongo na majani hunywa sehemu ya maji. Kilichotandazwa saruji huyamwaga yote barabarani, nayo hukimbilia mfereji wa Nakivubo au bonde la Lubigi. Bwaise hufurika mara kwa mara. Maji ya Nakivubo huishia katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ni katika ghuba hiyo hiyo, huko Ggaba, ambako maji ya bomba ya jiji yamekuwa yakivutwa na kusafishwa kwa miongo mingi. Kadiri viwanja vinavyofunikwa na kinamasi kuvamiwa, ndivyo kazi ya kuyasafisha inavyokuwa ngumu na ghali.

Nyumba za serikali za Nakawa na Naguru, zilizojengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zilikuwa na nafasi pana kati ya safu na safu. Zilibomolewa mwaka 2011 ili kupisha mji wa kisasa, ambao haukujengwa kama ulivyoahidiwa. Mfano uliosalia ni fleti za Bugolobi, zilizojengwa na shirika la nyumba la taifa. Majengo yake hayakugawiwa kila moja kipande chake na ukuta wake; yanasimama juu ya ardhi moja, na ndiyo maana kati yake pamebaki uwanja unaoitwa uwanja. Viwanja vitano vya futi 50 kwa 100 vikiunganishwa vingeweza kutoa kitu kama hicho. Vikijengwa kimoja kimoja, hutoa kuta na mageti matano.

Nani alipe?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, hupima iwapo mkazi anaweza kufika kwenye eneo la wazi la umma kwa mwendo wa mita 400. Kwa KCCA, kununua ardhi ya kutimiza kipimo hicho ni mzigo mkubwa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala ni mailo, umiliki binafsi uliotokana na mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, na juu yake mara nyingi kuna wenye vibanja ambao nao wana haki zao. Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla ya serikali kutwaa ardhi ya mtu, msimamo ambao Mahakama ya Juu iliuthibitisha mwaka 2015 katika kesi iliyoihusu mamlaka ya barabara.

Basi anayebaki kudaiwa nafasi ni mjenzi binafsi. Naye ana hoja: kila fleti anayoiacha kujenga, gharama yake itahamia kwenye kodi ya zile zilizobaki. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inapungua nguvu pale nafasi inayodaiwa tayari ipo na imepewa magari. Kanuni inayoruhusu maegesho machache karibu na njia za usafiri wa umma, na inayotaka sehemu ya ardhi ibaki udongo, isingemwondolea mjenzi fleti hata moja.

Kuna pengo jingine lisilohusu vipimo. Kibali cha kuhamia hutolewa jengo linapokamilika. Bustani iliyochorwa kwenye ramani inaweza kutandazwa saruji miezi sita baadaye pasipo mchoro kubadilika. Pale fleti zinapouzwa moja moja chini ya sheria ya mwaka 2001, wamiliki wanakuwa na chombo chao cha pamoja na kila mmoja ana hisa katika ua, hivyo wanaweza kukataa. Lakini fleti nyingi za Kampala ni za kupanga, mwenye jengo ni mmoja, na mkataba wa mpangaji kwa kawaida hutaja vyumba, kodi na umeme. Ua hautajwi.