Vinara wa Piano Mbele ya Saa

Juni 1955 kijana Mkanada wa miaka 22, Glenn Gould, aliingia studio ya Columbia katika mtaa wa 30 mjini New York akarekodi Goldberg Variations za Bach kwa dakika 38 na sekunde 34. Mwaka 1981 alirudi studio hiyo hiyo akazirekodi upya, na safari hii saa ilisoma dakika 51 na sekunde 18. Katikati ya rekodi hizo mbili yupo Rosalyn Tureck wa Marekani, ambaye Gould alikiri kujifunza kwake. Rekodi ya Tureck ya 1957 inapita saa moja na nusu.

Ukiishia hapo, taji la kasi analo Gould kijana na Tureck anabaki mkiani. Wengi huishia hapo. Lakini Bach aliandika vipande 32, yaani ariya, mabadiliko 30 yanayojengwa juu ya besi yake, kisha ariya tena. Kila kipande kina nusu mbili, na kila nusu imeagizwa irudiwe. Tureck alitii. Gould wa 1955 aliruka marudio yote. Mlazimishe arudie na saa yake itafika dakika 77 hivi. Bado anamwacha Tureck, ila pengo la karibu saa nzima limegeuka kuwa robo saa na ushee.

Kipimo cha haki ni kipande kwa kipande. Ariya ya kwanza ya 1955 inachukua dakika 1 na sekunde 53. Ya 1981, nayo bila marudio, ni dakika 3 na sekunde 5. Sijui mpiga piano mwingine aliyejipinga mwenyewe waziwazi namna hii. Binafsi naichukua ariya ya uzeeni na mabadiliko ya ujanani, ingawa neno uzee halimfai sana mtu aliyefariki Oktoba 1982, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 50.

Marudio hayo hayo ndiyo yanayompa Sviatoslav Richter sifa ya kuwa wa polepole kuliko wote katika sonata ya mwisho ya Schubert, ile ya B bapa. Sehemu ya kwanza peke yake, katika rekodi yake ya 1972, inakaribia dakika 24 na nusu. Kwa Alfred Brendel sehemu hiyo ni ya dakika 15 hivi. Brendel alikataa kurudia kipande cha mwanzo kilichoagizwa kirudiwe, na aliandika kuutetea uamuzi wake. Richter alirudia kila mara, na aliwalaumu wanaoruka. Toa marudio na bado Richter anatembea polepole mno, lakini si kwa kiasi kile ambacho jalada la diski linatufanya tudhani. Anayetaka kumsikia mtu akiunyoosha muda bila kuukata aanze na diski hii. Dakika tano za mwanzo huchosha, halafu mtu anasahau kama ana saa mkononi.

Kwa upande wa kasi, ugomvi wa kweli uko kwenye Hammerklavier ya Beethoven, iliyochapishwa 1819. Ndiyo sonata pekee ya piano ambayo mtunzi mwenyewe aliiwekea vipimo vya metronomu, na cha sehemu ya kwanza ni 138, namba ambayo wapiga piano wamekuwa wakiisingizia kwamba ni kosa la kifaa au la mwenye kifaa. Artur Schnabel hakuisingizia. Kati ya 1932 na 1935 alirekodi sonata zote 32 za Beethoven mjini London, mtu wa kwanza kufanya hivyo, na alipofika kwenye hii aliivamia kwa mwendo unaoukaribia ule wa Beethoven. Sehemu ya kwanza inakwisha kabla ya dakika 9. Emil Gilels, akirekodi miongo minne na nusu baadaye, alipita dakika 12. Mwenda pole hajikwai, wamesema wahenga. Schnabel hakwenda pole, na anajikwaa mbele ya kila mtu, noti zinaanguka, vidole vinakimbilia pasipofaa. Tukumbuke pia kwamba upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba dakika nne na kidogo tu, na hakukuwa na mkasi wa kukata kosa na kubandika lililo sahihi. Ama uende na ulivyopiga, ama upige upande mzima upya. Pamoja na makosa yake yote, hiyo ndiyo Hammerklavier ninayoirudia. Gilels ni mzuri sana, lakini kwake hatari imeshaondolewa mezani.

Aliyezirekodi zote 32 mara nyingi ni Daniel Barenboim: seti yake ya 2020 ilitangazwa kuwa ya tano. Aliyechelewa kuzitoa ni Annie Fischer wa Hungaria. Alianza kurekodi 1977, akawa anasahihisha na kusitasita miaka nenda rudi, na seti ikatoka baada ya kifo chake mwaka 1995. Hata hivyo kwa kusubiri hamfikii Claudio Arrau wa Chile. Goldberg zake alizirekodi 1942, zikawekwa kabatini kumpisha Wanda Landowska na kinubi chake cha vibonye, yaani hapsikodi, na msikilizaji akazipata 1988.

Rekodi ya zamani kuliko zote ambayo jina la mpigaji lina uzito ni ya Brahms mwenyewe, iliyochukuliwa mjini Vienna Desemba 1889 na mjumbe wa Edison kwenye mcheduara wa nta. Ni kipande cha Dansi yake ya Kwanza ya Kihungaria, na kinasikika kama mvua kwenye bati. Ninaitaja kwa heshima tu. Mfaransa Francis Planté, aliyezaliwa 1839, ana faida zaidi kwa sikio: alirekodi etidi za Chopin mwaka 1928 akiwa na miaka 89, kwa maikrofoni ya umeme, na mikono haitetemeki. Mwenzake Colette Maze alimpita kwa umri. Alizaliwa Juni 1914, akaanza kutoa diski akiwa amepita miaka 80, na ya mwisho ilitoka mwaka 2023, mwaka aliofariki akiwa na miaka 109.

Kwa urefu, kipande cha kutajwa ni Sequentia cyclica cha mtunzi Sorabji, mabadiliko 27 juu ya wimbo wa mazishi wa Kilatini. Jonathan Powell alikirekodi kwenye diski saba, zaidi ya saa nane, zikatoka 2020. Kwa wingi, Leslie Howard alirekodi muziki wote wa Liszt kwa piano: sanduku lake lina CD 99. Na kikohozi maarufu kuliko vyote kipo Sofia, Februari 1958, kwenye Picha za Maonyesho za Mussorgsky. Ukumbi ulijaa mafua, Richter akapiga kana kwamba yuko peke yake, na ubora wa rekodi ile umewafanya watu wavumilie kila pua iliyopengwa.

Tuzo ya udanganyifu haina mpinzani. Joyce Hatto, mpiga piano Mwingereza aliyefariki 2006, alisifiwa kwa diski zaidi ya 100 zilizotolewa na mumewe, William Barrington-Coupe: Liszt, Chopin, Godowsky, kila kigumu. Wahakiki wakashangaa jinsi mgonjwa wa saratani alivyoweza. Februari 2007 msikilizaji aliweka diski ya etidi zake za Liszt kwenye kompyuta, na programu, inayotambua diski kwa urefu wa nyimbo zake, ikamtaja László Simon. Jarida la Gramophone likachunguza, na nyingi ya nyimbo zile zikathibitika kuwa za Simon. Wakati huohuo watafiti Nicholas Cook na Craig Sapp, waliokuwa wakilinganisha mazurka za Chopin pigo kwa pigo, walikuwa wamegundua kwamba Hatto na Eugen Indjic wanafanana kupita kiasi cha binadamu wawili.

Barrington-Coupe alikiri. Alijitetea kwamba mkewe alikuwa akigumia kwa maumivu wakati wa kurekodi, na kwamba alianza kwa kuchukua vipande vidogo vya wengine ili kuufunika mgumio. Lakini wataalamu wa sauti walikuta nyimbo zilizobadilishwa kasi kwa makusudi. Moja, ya Godowsky iliyopigwa na Carlo Grante, ilibadilishwa kwa takriban asilimia 15. Anayeziba mgumio hana haja ya kugusa mwendo. Anayegusa mwendo anajua kwamba siku moja mtu atakaa na rekodi mbili na saa.