Kwa nini watu wanalipa pesa kukesha ndani ya jela tupu wakisaka mizuka?

Mtu akisikia neno jela, dua yake huwa moja tu: Mungu aniepushie. Lakini mjini Mansfield, jimbo la Ohio nchini Marekani, kuna jela ambayo watu wanalipa kwa hiari yao ili waingie usiku na taa zizimwe. Hawajaiba, hawajapigana na mtu. Wanasaka mizuka.

Jela yenyewe inaitwa Ohio State Reformatory. Tangu mwisho wa mwaka 1990 haijalaza mfungwa hata mmoja. Hata hivyo huenda ushaiona: sehemu kubwa ya filamu ya The Shawshank Redemption ya mwaka 1994, ile ya Tim Robbins na Morgan Freeman, ilipigwa hapo.

Sasa watu hawa wanakutana na nini humo ndani? Na kwa nini wengine wanatoka wakiapa kwamba wameguswa begani na mtu asiyeonekana? Majibu yapo, na mengine hayahusu mizuka kabisa.

Ilijengwa kurekebisha, si kutisha

Ujenzi ulianza mwaka 1886. Msanifu wake, Levi Scofield, aliichora ifanane na ngome za kifalme na makanisa makubwa ya Ulaya. Hakufanya hivyo kwa mapambo tu. Wakati huo iliaminika kwamba kijana akiishi ndani ya jengo lenye hadhi, roho yake nayo itainuka na ataacha uhalifu.

Wafungwa wa kwanza, vijana 150, waliletwa kwa treni mwaka 1896 jengo likiwa bado halijakamilika. Walipofika tu wakapewa kazi za ujenzi wa jela yao wenyewe. Wazo lilikuwa kuwapokea vijana waliokosa kwa mara ya kwanza, wafundishwe kazi za mikono, wasome, wasali, kisha warudi nyumbani wakiwa watu wengine.

Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Miaka ilivyokwenda, wafungwa wakazidi nafasi. Upande wa mashariki kuna jengo la seli la chuma tupu lenye ghorofa 6 na seli 600, kubwa kuliko yote ya aina yake duniani. Seli ni nyembamba, na humo walibanwa watu wawili wawili. Aliyekosea adabu alipelekwa kwenye seli za adhabu, chini, gizani.

Kwa jumla zaidi ya watu 150,000 walipita hapo. Wapo waliofia humo kwa maradhi, kwa kujiua na kwa kuuawa. Askari wawili nao waliuawa kazini, mmoja mwaka 1926 na mwingine 1932.

Mwishowe wafungwa wenyewe wakaenda mahakamani kulalamikia hali ya maisha ndani ya jela. Walishinda. Jela ikafungwa tarehe 31 Desemba 1990.

Usiku wenyewe unaendaje?

Kwanza tuelewane: hii si ile michezo ya kutishana ya Halloween, ambapo mtu aliyevaa barakoa anakurukia kutoka nyuma ya mlango. Kwenye msako wa mizuka hakuna mwigizaji. Ni wewe, wenzako, na jengo.

Mnafika jioni na kusaini fomu, kwa sababu jengo ni la zamani, lina ngazi za chuma na sakafu zisizo sawa. Kisha mnatembezwa taa zikiwaka. Mwenyeji anawaonyesha: hapa ni ofisi ya mkuu wa gereza, hapa ni kanisa, hapa ni hospitali, hapa ni seli za adhabu. Kila mahali pana kisa chake.

Halafu taa zinazimwa.

Kuanzia hapo mnagawanyika vikundi vidogo, kila kikundi kinakwenda kinakotaka. Na hapa ndipo wengi wanashangaa, maana sehemu kubwa ya usiku ni kukaa tu. Mnakaa kwenye sakafu ya baridi, mtu mmoja anauliza kwa sauti, “Kuna mtu hapa?” Kimya. Mnasubiri. “Ulifungwa kwa kosa gani?” Kimya tena. Chuma kinalia mahali fulani huko juu. Wote mnashika pumzi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Helen Glattke, mke wa mkuu wa gereza. Familia hiyo iliishi ndani ya jengo hilo hilo. Mwaka 1950, Helen alikuwa akichukua kitu kwenye rafu ya kabati, bastola ikaanguka na kufyatuka. Risasi ikampata, na siku chache baadaye akafariki hospitalini. Mumewe, Arthur, alipatwa na mshtuko wa moyo ofisini kwake mwaka 1959 naye akafariki. Siku hizi wapo wageni wanaosema wanasikia harufu ya maua kwenye vyumba vya familia hiyo.

Vifaa wanavyobeba

Msakaji wa mizuka haendi mikono mitupu. Hivi ndivyo vinavyoonekana zaidi:

Kipimo cha sumaku na umeme. Ni kidubwana cha mkononi chenye taa zinazowaka kuanzia kijani hadi nyekundu. Wasakaji huamini mzuka ukipita karibu, taa zitapanda. Shida ni kwamba simu ya mwenzako, redio ya upepo na nyaya za ukutani vinaweza kuzipandisha vilevile.

Kinasa sauti. Unauliza swali, unaacha sekunde kadhaa, kisha unasikiliza baadaye kama kuna jibu lililonaswa. Mara nyingi kinachosikika ni mchakato na mkwaruzo. Lakini mtu akikwambia, “Sikiliza, amesema ‘ondoka’,” basi hutasikia kitu kingine tena.

Kipimajoto. Hutumika kusaka sehemu zenye baridi ya ghafla. Katika jengo la mawe lenye madirisha mabovu, sehemu za namna hiyo ni nyingi mno.

Kamera. Picha nyingi huonyesha viduara vyeupe vinavyoelea hewani. Kwa kawaida ni vumbi lililo karibu na lenzi likimulikwa na taa ya kamera. Na jela tupu haikosi vumbi.

Kwa nini mtu mzima, mwenye akili timamu, anasikia kitu?

Jibu la haraka ni kusema wanaongopa. Si kweli. Wengi wanasikia na kuona kweli. Swali ni kitu hicho kinatoka wapi.

Anza na jengo. Chuma kinatanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku kikipoa. Kikisinyaa kinalia. Sasa fikiria ghorofa 6 za chuma zikipoa kwa pamoja ndani ya ukumbi unaorudisha mwangwi. Mlio unaoanzia ghorofa ya tano unausikia kama hatua za mtu nyuma yako.

Kuna pia sauti ambazo sikio halizisikii. Mhandisi Mwingereza, Vic Tandy, alikuwa akifanya kazi kwenye maabara iliyosemekana ina mizuka. Usiku mmoja akajisikia baridi, jasho likamtoka, na pembeni ya jicho akaona umbo la kijivu. Kesho yake akaona kipande cha chuma alichokibana mezani kinatetemeka chenyewe. Alipochunguza, kumbe feni mpya ilikuwa ikitoa mtetemo wa kama mara 19 kwa sekunde, chini kidogo ya kiwango ambacho sikio linaweza kusikia. Feni ikazimwa, na hali ile ya ajabu ikatoweka. Aliyaandika hayo mwaka 1998.

Ni kisa kitamu, lakini hakimalizi hoja. Watafiti wa London walijenga chumba maalumu, wakaingiza watu 79 mmoja mmoja, kila mtu akakaa dakika 50. Waliambiwa mapema kwamba huenda wakahisi mambo yasiyo ya kawaida. Wakati mwingine mitetemo na mawimbi ya sumaku viliwashwa, wakati mwingine hapana. Matokeo yaliyotoka mwaka 2009 yalionyesha kwamba wengi walihisi vitu vya ajabu, lakini kuwasha au kuzima mitambo hakukubadilisha kitu. Maelezo yaliyobaki na nguvu ni kwamba walihisi kwa sababu waliambiwa wanaweza kuhisi.

Utafiti mwingine, wa mwaka 1997, ulifanyika kwenye ukumbi wa maonyesho huko Marekani. Watu 22 walizungushwa humo. Nusu waliambiwa jengo linakarabatiwa, nusu wakaambiwa lina mizuka. Jengo ni lile lile. Unaweza kubashiri ni kundi gani lilihisi mambo mengi zaidi.

Sasa rudi Mansfield. Umetembezwa na kuelezwa nani alifia wapi. Umechoka, hujalala, ni giza, kuna baridi, na wenzako nao wana wasiwasi. Ubongo wa binadamu haupendi giza tupu. Usipoona kitu, unakutengenezea. Babu zetu waliodhani kichaka ni simba walikimbia bure, lakini waliishi. Aliyedhani simba ni kichaka hakurudi kusimulia.

Mizuka ndiyo inayolipa gharama za paa

Upande wa pesa ndio usiosemwa sana. Baada ya jela kufungwa, ukuta wa nje na majengo ya pembeni yalibomolewa. Jengo kuu nalo lilikuwa hatarini. Wananchi wakaanzisha chama cha kulihifadhi mwaka 1995, na mwaka 2000 wakalinunua kutoka serikali ya jimbo kwa dola 1 tu.

Dola moja ni rahisi. Paa linalovuja, madirisha na rangi inayobanduka ndio mzigo. Mzigo huo unabebwa na viingilio: watalii wa mchana, wapenzi wa ile filamu, na wanaokesha wakisaka mizuka. Kwa maneno mengine, hofu imelisaidia jengo lisibomolewe.

Kwetu pia tunajua jela inaweza kugeuka kivutio. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kabla ya kuwa makumbusho. Mgeni anayelipa kuingia pale anakwenda kuona historia. Mansfield wamegundua kwamba ukiongeza giza, historia ile ile inauzika zaidi.

Lakini hawa walikuwa watu

Hapo ndipo penye mgogoro. Kwa wengi wetu, mzimu ni jambo la ukoo. Ni babu au bibi aliyetangulia, anaheshimiwa, hatajwi ovyo. Kumfuata marehemu na kidubwana cha taa, ukimwambia ajitokeze apige hodi mara mbili, kungehesabiwa kuwa ni utovu wa adabu.

Na huhitaji kuamini mizimu ili uone tatizo. Helen Glattke alikuwa mama wa watoto. Kifo chake kilikuwa msiba wa familia, na leo ni kituo kwenye ziara. Wafungwa waliokufa bila ndugu wa kuwachukua walizikwa karibu na jela, zaidi ya 200, chini ya alama zenye namba. Mtu anaweza kukesha humo akimbembeleza mzuka aseme jina lake, wakati kule makaburini wapo watu halisi waliozikwa bila kuandikwa jina.

Wanaotetea misako wana hoja pia. Bila wageni wa usiku, pengine leo pangekuwa uwanja mtupu, na hakuna ambaye angesimulia habari za vijana 150 waliojenga jela yao wenyewe. Kijana anayeingia kwa ajili ya mizuka huenda akatoka akiwa amejifunza kwa nini mahakama iliifunga jela ile.

Pengine jibu liko kwenye kile unachouliza ukiwa humo. “Kuna mtu hapa?” ni swali moja. “Ni nani aliyelala hapa, na kwa nini walibanwa hivi?” ni swali jingine, na hilo lina majibu yaliyoandikwa.

Jambo moja la mwisho. Jela ya zamani haiko peke yake pale. Jirani yake kabisa serikali ilijenga gereza jipya kuchukua nafasi yake, na hilo linafanya kazi hadi leo. Kwa hiyo usiku ule wageni wanapopapasa gizani wakisaka dalili za wafungwa wa zamani, upande wa pili wamelala wafungwa walio hai. Alfajiri ikifika, wageni wanakunja vifaa vyao na kwenda kutafuta kahawa. Wale wa upande wa pili wanaitwa kuhesabiwa.