Sahani ya Wageni: Kauri, Udongo au Bati?

Jeshi la Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, lilipouteka mji wa Kasongo Aprili 1893, daktari wake Sidney Hinde alikuta humo mishumaa, sukari, viberiti, bilauri za fedha na za kioo. Za kioo! Mzigo wa pagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32 hivi: Bagamoyo hadi Ujiji kwa miguu, dau kuvuka Tanganyika, kisha Kabambare, ndipo Kasongo. Pagazi akijikwaa na mzigo wa vitambaa vya merikani, anaufuta vumbi. Akijikwaa na bilauri, je?

Unguja mambo yalikuwa mepesi, kwa kuwa meli zilishusha vyombo vya Ulaya bandarini. Bakuli za Petrus Regout wa Maastricht, Uholanzi, zilipigwa maua kwa sponji iliyochongwa. Tazama moja kwa karibu: ua hili limepanda juu ya jirani yake, lile limefifia wino. Mpigaji alikuwa na haraka, na bei ikawa nafuu. Chini ya rangi ni udongo tu uliofunikwa mng'aro wa kioo, si kauri.

Hata leo muuza vyombo hatakuambia tofauti, basi pima mwenyewe. Inua sahani kwenye mwanga, weka vidole nyuma: kauri nyembamba huonyesha kivuli chavyo, udongo hauonyeshi kitu. Igonge kwa ukucha: kauri hulia. Udongo ukizeeka mng'aro wake hufanya nyufa kama utando wa buibui, na mawese ya sombe yakiingia humo hayatoki hata kwa majivu.

Lakini anayepanga bei ni njia. Tuseme dazeni ya kauri ni falanga 54,000, yaani 4,500 kila sahani. Zikivunjika tatu kwenye mashimo ya barabara ya Kabambare, tisa zilizobaki zimekugharimu 6,000 kila moja, nauli kando. Bati la kupakwa rangi likianguka hubanduka rangi tu. Kutu huja baadaye, na wali wa moto huunguza vidole. Melamini ni nyepesi, ila hukwaruzika, na ole wako ukiiweka karibu na jiko.

Mimi ningenunua bati la kila siku, na kauri sita za wageni. Hizo sita zifungwe kwa majani makavu, moja moja, wala zisikae nyuma ya pikipiki. Zipakate.