Agosti Tatu Zilizopotea: Hesabu ya Mpira wa Mashinani Kwale

Kombe la kijiji ni biashara ya wiki tatu au nne. Munje, kijiji cha wavuvi kwenye ufuo wa Msambweni, na vijiji jirani vya pwani hii ya kusini, msimu wake mkubwa ni Agosti, na sababu zake ni za kiuchumi ingawa hakuna kamati iliyowahi kuziandika. Shule zimefungwa, kwa hivyo wachezaji wapo: wa bweni wamerudi makwao, wa vyuo nao wamerudi. Kusi inavuma, bahari imechafuka, mitumbwi mingi haivuki mwamba, na vijana wa kuvua wana jioni tupu. Diani nako wageni wa likizo ya Ulaya wamefika, hivyo mhudumu wa hoteli aliyezaliwa kijijini ana cha kuchangia jezi. Ukiuondoa msimu huo hapo ulipo, huwezi kuupachika Oktoba ukatarajia uende vile vile.

Tuchukue mfano wa kombe la timu 16 za mtoano, ada ya kushiriki shilingi 1,500 kwa kila timu. Kamati itakusanya shilingi 24,000. Humo yatoke malipo ya marefa na washika vibendera kwa mechi 16, ukihesabu na ile ya kutafuta mshindi wa tatu. Itoke chokaa ya kuchora mistari, mipira miwili ya maana, na mbuzi wa bingwa, au ng'ombe ikiwa amepatikana mfadhili. Nyavu za goli hazinunuliwi. Jarife lililochoka kuvua papa na taa linatosha kabisa kunasa mpira, na likitoboka mafundi wa kulishona wamejaa ufuoni. Kamati ikifunga hesabu bila deni, imefaulu.

Faida iko nje ya mstari wa chokaa. Iko kwa mama wa viazi karai na mihogo ya kukaanga, kwa mtoto anayezunguka na ndoo ya barafu na mabuyu, kwa bodaboda wanaopandisha na kushusha mashabiki kati ya barabara kuu ya Lunga Lunga na kijijini, kwa mwenye matatu aliyekodiwa na timu ngeni. Hawa hawalipi ada, hawamo kwenye kamati, wala hawatajwi kwenye hotuba za fainali. Ndio wanaokula msimu, na ndio walioanza kuulilia ulipokufa.

Machi 13, 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe. Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza Machi 27, na kuanzia Aprili 8 ikawa marufuku kuingia au kutoka kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale. Kwale na Kilifi zilifunguliwa mapema Juni, lakini Mombasa ilibaki imefungwa hadi Julai 7. Mechi ya kijijini huanza saa kumi na kumalizika karibu na magharibi. Kwa kafyu ile hata mikusanyiko ingeruhusiwa, mama wa viazi asingekuwa na saa ya kuuza. Mwezi mtukufu nao ulianguka humo humo, mwishoni mwa Aprili hadi Mei 23.

Ligi kuu ilikuwa na mtu wa kuiamulia. Aprili 30 shirikisho la soka la Kenya, FKF, lilitangaza kwamba msimu umekwisha na Gor Mahia ni mabingwa. Malalamiko yalikuwa mengi lakini kombe lilipata mwenyewe. Michezo ya shule za sekondari ilifutwa tu. Fedha zake ni za mfumo mwingine kabisa: katika ile ruzuku ya shilingi 22,244 ambayo serikali iliahidi kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka, fungu la shughuli za nje ya darasa ni shilingi 1,500. Shule ya wanafunzi 300 ina shilingi 450,000 kwenye karatasi, za mpira, voliboli, riadha, muziki na drama, pamoja na nauli ya kwenda kwenye mashindano ya kaunti ndogo. Hela hiyo haifiki kwa mkupuo, na mara nyingi haifiki yote. Inapofika huzunguka kwa watu wale wale: mwenye matatu, muuza njumu wa Ukunda, fundi wa jezi, mpishi wa kambini. Wanafunzi wakiwa nyumbani, mzunguko huo haupo.

Walioahirisha kwa matumaini walitazama Agosti. Mwaka 2020 wachezaji wote walikuwa nyumbani, tena kwa miezi, lakini mikusanyiko ilikuwa marufuku. Shule zilifunguliwa kwa madarasa machache Oktoba 12, na kwa wote Januari 4, 2021. Hapo Wizara ya Elimu ikaamua kufidia muda uliopotea kwa kubana kalenda: mihula mifupi, likizo za siku chache, mwaka wa masomo wa 2021 ukaanzishwa Julai 26. Agosti 2021, basi, virusi vikiwa vimezoeleka, wachezaji walikuwa darasani. Agosti 2022 ilikuwa ya uchaguzi mkuu, shule zikafungwa kwa muda mfupi kupisha kura ya tarehe 9, na muhula wa pili ukaendelea hadi Septemba. Kalenda ilirudi kuanza Januari mwaka 2023, na ndipo likizo ya Agosti ikarudi mahali pake. Likizo tatu mfululizo zilikwenda, na ni ya kwanza tu kati ya hizo iliyochukuliwa na ugonjwa wenyewe. Mbili zilichukuliwa na ratiba.

Hili ndilo lisilotajwa katika hesabu za hasara ya korona, ambazo nyingi husimama kwenye hoteli zilizofungwa. Hoteli ya Diani iliyofungwa Machi ilipokea tena wageni barabara na anga zilipofunguliwa. Bidhaa yake, kitanda na bahari, ilikuwepo ikingoja. Kombe la kijiji halina ghala. Linategemea watu wanne wasiojuana wawe huru wiki moja: mwanafunzi, mvuvi, mhudumu wa hoteli na mheshimiwa.

Na mheshimiwa mwenyewe hakuwepo. Mbunge wa Msambweni, Suleiman Dori, alifariki Machi 9, 2020, siku chache kabla ya nchi kufungwa. Uchaguzi mdogo wa kumtafutia mrithi nao uliahirishwa kwa sababu ya korona, ukafanyika Desemba 15, ambapo Feisal Bader alishinda akiwa mgombea binafsi. Umuhimu wake kwa mpira ni huu: sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneo bunge inaruhusu hadi asilimia mbili ya mgao kutumika kwa michezo, yaani sare, vifaa na zawadi za washindi. Kwa mashinani hakuna mfadhili mkubwa kuliko huyo, mbali na wanasiasa wanaotoa mfukoni kura zikikaribia. Miezi tisa kiti kilikuwa kitupu. Nimewahi kusikia watu wakicheka kwamba jezi za vijijini hubadilika kila baada ya miaka mitano. Ni mzaha, lakini uzitazame picha za wagombea zilizochapwa kifuani.

Biashara ya vifaa ilipigwa kwa upande wake. Njumu nyingi zinazovaliwa kwenye viwanja vya Kwale ni mitumba, na mwishoni mwa Machi 2020 serikali ilipiga marufuku kuingiza mitumba nchini kwa hofu ya maambukizi. Ilikuja kuondoa marufuku hiyo katikati ya Agosti. Kwa mchuuzi wa Ukunda aliyezoea kuvuka feri ya Likoni kwenda kuchagua mzigo Kongowea, njia ilikuwa imezibwa mara mbili: kaunti imefungwa, na mzigo mpya hauingii. Mafundi wa cherehani waliokuwa wakishona jezi waligeukia barakoa na wengine wakavuka salama. Wa njumu hakuwa na pa kugeukia.

Wenye mabanda ya kuonyesha mpira walifunga. Vijana wa kubeti, ambao kabla ya hapo hawakuijua Belarusi iko upande gani wa ramani, walijifunza majina ya timu zake, maana ndiyo ligi ya Ulaya iliyoendelea kuchezwa. Mikeka ilijazwa. Ujerumani ilirudi uwanjani Mei 16 na Uingereza Juni 17, lakini kafyu, ambayo kufikia wakati huo ilikuwa imesogezwa hadi saa tatu usiku, ilikata mechi za usiku zenye watazamaji wengi. Fedha za vijana zilitoka kijijini kwa simu na hazikupitia kwa mama wa viazi.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda vingine. Tanzania ilisimamisha ligi katikati ya Machi na kuirudisha Juni 13. Simba wakatwaa ubingwa kabla Juni haijaisha. Uganda iliimaliza ligi yake mezani mwezi Mei na kuwapa Vipers taji. Katika shule, michezo ya UMISSETA, ya sekondari za Tanzania, ilirudi Mtwara mwaka 2021, wakati wenzao wa Kenya bado wanabanwa na kalenda. Mashindano ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, yalichezwa Arusha mwaka 2019, na yaliporudi mwaka 2022 yalirudi Arusha hapo hapo.

Marekani ndiko somo la biashara linakoonekana wazi zaidi. Mpira wa vyuo vya huko, ule wa mikono na kofia ngumu, ni kiwanda cha mabilioni ya dola kinacholishwa na mikataba ya televisheni. Vyuo vya Ivy League, vyenye akiba zao na visivyoutegemea mpira kwa mkate, vilifuta msimu wa vuli Julai 8, 2020 bila makelele mengi. Umoja wa Big Ten, wenye vyuo kama Ohio State na Michigan, uliahirisha Agosti 11. Wachezaji wa Nebraska wakaenda mahakamani, wazazi wakaandamana, wanasiasa wakaingilia, na Septemba 16 uamuzi ukageuzwa; mechi zikaanza Oktoba. Januari 11, 2021 Ohio State walikuwa kwenye fainali ya taifa, wakapigwa na Alabama 52 kwa 24. Wachezaji wa msimu ule waliongezewa mwaka mmoja wa kustahiki kucheza.

Nani angeenda mahakamani kwa ajili ya michezo ya shule za Kwale? Hakukuwa na mkataba wa kuvunjwa, wala mtangazaji wa kudai fedha zake. Uamuzi wa kuuahirisha msimu hauna gharama kwa anayeuamua, na kwa hivyo hakuna anayeharakisha kuurudisha. Kijana aliyekuwa kidato cha nne mwaka 2020 alifanya mtihani wake wa KCSE Machi na Aprili 2021, akatoka shuleni bila kucheza hata mechi moja ya kaunti mwaka wake wa mwisho, ule ambao makocha wa Mombasa huja kutazama. Hakuna aliyemwongezea mwaka.

Yalikuwepo mashindano yenye mfadhili wa kweli. Yale ya Safaricom ya Chapa Dimba, ya vijana wa miaka 16 hadi 20, yalikatizwa katika msimu wake wa tatu, lakini fainali za kitaifa zilichezwa mwaka uliofuata badala ya kusahauliwa. Fedha za FIFA nazo zilikuja, dola milioni moja kwa kila shirikisho na nusu milioni zaidi kwa soka la wanawake. Ngazi ya kamati ya kijiji haimo kwenye fomu za aina hiyo, kwa sababu kamati nyingi hazijasajiliwa popote. Hapa mimi ninazilaumu kidogo kamati zenyewe: kamati yenye cheti cha usajili na akaunti ya benki ina pa kuanzia inapobisha mlango wa kaunti, na ile yenye daftari la mweka hazina pekee haina.

Aliyekuwa gavana wa Kwale miaka yote ile, Salim Mvurya, ndiye aliyepewa wizara ya michezo Desemba 2024. Wiki chache baadaye, michuano ya soka ya Afrika ya CHAN iliyokuwa ichezwe Februari 2025 Kenya, Uganda na Tanzania iliahirishwa ili viwanja vimaliziwe. Ilisogezwa hadi Agosti, na hiyo haikufa: wenyeji watatu na CAF walikuwa na fedha na haki za televisheni za kulinda. Moroko walichukua kombe Kasarani Agosti 30. Mechi za Kenya zote zilichezewa Nairobi, na kwa aliye Munje uwanja wa Amaan wa Unguja, nao uliokuwa mwenyeji, uko karibu zaidi ukipima kwa mstari ulionyooka. Likizo ya Agosti mwaka ule ilikuwepo, wachezaji wapo, kusi inavuma, na kamati za makombe zililazimika kupanga ratiba zao kwa kuzikwepa siku timu ya taifa, Harambee Stars, inapocheza, ili watazamaji wasibaki mabandani.