Binti Akitaka Kucheza Sataranji

Mwaka 2014 Mira Nair, mwongozaji wa filamu mwenye makazi Kampala, alitoa filamu fupi ya maisha halisi iitwayo A Fork, a Spoon and a Knight. Yamhusu Robert Katende, aliyefiwa na mama angali mdogo, akakulia katika ufukara, akasomea uhandisi, kisha akachagua kuwahudumia watoto wa mtaa wa Katwe. Alianza na kandanda. Alipoona wengine wasimama kando bila kucheza, mwaka 2004 aliwaletea sataranji, na waliokuja kujifunza walipewa uji.

Uji huo ndio uliomvuta Phiona Mutesi, binti wa miaka kama tisa, aliyemfuata kaka yake kwa siri. Baba yao alikwisha kufariki, naye alikuwa akiuza mahindi mitaani. Aliyemwonyesha namna kete zinavyokwenda alikuwa mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 binti huyo aliiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2016 Mira Nair alikisimulia kisa chake katika Queen of Katwe, ambamo Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o ameigiza mama mtu. Sisi twaipenda zaidi ile fupi, kwani humo mwalimu ajisemea mwenyewe.

Twayaandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa Kawangware aliyetujia baada ya swala ya Ijumaa katika Msikiti wa Jamia, katikati ya jiji la Nairobi. "Sheikh," akasema, "binti yangu amechaguliwa kuichezea shule sataranji. Baba yake amekataa, asema ni haramu." Tukamwuliza baba huyo hushinda wapi jioni. Akainamisha uso, akatabasamu: "Kwenye drafti, Sheikh."

Mnaijua drafti hiyo, ndugu zetu wa Kawangware na Kangemi: ubao wa miraba, vizibo vya soda, na wanaume waliouzunguka tangu alasiri hadi isha, pengine na pesa chini ya ubao. Hukumu yake haiulizwi. Huulizwa pale msichana anapotaka kucheza.

Basi na tuieleze kikamilifu. Wanazuoni wengi wameiharamisha sataranji, na si haki kuwaficha. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi ni makuruhu, si haramu. Imam An-Nawawi alipoulizwa, alijibu kwamba ikimpitisha mtu wakati wa swala, au ikichezwa kwa kuwekeana mali, hapo ni haramu. Bila ya hayo ni makuruhu kwa Shafi na haramu kwa wengineo. Imepokewa pia kuwa Said bin Jubair, miongoni mwa wakubwa wa tabiina, aliicheza akiwa ameupa ubao mgongo. Mwezi Januari 2016 zilienea habari kwamba Mufti wa Saudia ameikataza; na Desemba 2017 Riyadh ikaandaa mashindano ya dunia. Khitilafu ni ya zamani, na ingali hai. Dadu ni jambo jingine, nayo imekatazwa kwa hadithi iliyo wazi. Mwenye ludo nyumbani na ajitazame.

Tulimshauri mama yule asishindane na mumewe, bali amwombe waitazame filamu pamoja. Kisha waende wote wawili kwa mwalimu wa shule wakaulize: je, kuna pesa inayowekwa? Nani atafuatana na wasichana, na watarudi saa ngapi? Binti ataruhusiwa kuvaa stara yake? Na muhimu zaidi, adhuhuri itaangukia wapi. Mchezo wa mashindano hupimwa kwa saa, na saa hiyo haimngoji aliyeondoka mezani. Lakini baina ya mchezo na mchezo huwa pana nafasi, na rakaa nne hazihitaji dakika nyingi. Mwalimu akiambiwa mapema, binti atatengewa pahali safi pa kuswalia.